Nyumba ya Tatu Kutoka Bombani

Baba yangu alizaliwa Kilembe mwaka 1966, katika nyumba ya kampuni ya shaba, ya tatu kutoka bombani. Hivyo ndivyo anavyojibu kila anapoulizwa alikozaliwa. Hataji wilaya wala kata. Anasema "ya tatu kutoka bombani", kana kwamba dunia nzima inalijua hilo bomba la maji.

Mwaka jana daktari alimwambia kwamba presha ya macho imeshaharibu sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona, kwamba kilichopotea hakitarudi na dawa ni za kulinda kilichobaki. Sasa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Nilipokuwa nyumbani Nebbi wakati wa Krismasi, nilimwambia kwamba mwezi wa Januari nitakwenda Kasese na rafiki yangu wa darasani, ambaye ni Mkonzo, nikatembee kwao na kuuona mlima Rwenzori. Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nipigie picha ya nyumba. Usichelewe, maana dirisha linafungwa."

Nikamwuliza nitaitambuaje, kwa kuwa nyumba za kampuni zote zilijengwa sawasawa. Akacheka. "Mto uko upande huu, bomba upande huu, na nyuma yake kuna kilima tulichokiita Tumbo la Meneja. Ukiliona tumbo, umefika." Akanichorea kwa kidole mezani. Niliitikia kwa kichwa, na nakiri kwamba nusu ya akili yangu ilikuwa kwenye viatu vya kupandia mlima ambavyo sikuwa navyo.

Kabla sijaendelea na safari, lazima niseme jambo juu ya lugha, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha Kilembe kuliko basi. Nyumbani kwetu sisi ni Waalur na tunazungumza Kialur. Kiswahili kilikuwa lugha ya babu peke yake. Alikitumia kuhesabu, kugomba na kuwaamrisha mbuzi. Alijifunza chini ya ardhi. Kampuni ilikusanya wafanyakazi kutoka Ankole, Kigezi, West Nile, Rwanda na Kongo, ikawashusha katika mashimo yaleyale, na babu alikuwa miongoni mwa watu wa baruti. Alikuwa akituambia kwamba mtu wa baruti akipiga kelele "Toka!" hakuna nafasi ya mkalimani. Kampala ninakosoma, kwa masikio ya watu wengi Kiswahili bado ni lugha ya askari na majambazi, ingawa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Nilipochagua kukisomea, jirani yetu mmoja aliniuliza kwa upole kama nina mpango wa kujiunga na polisi. Babu alikwisha kufariki. Angekuwa hai, nadhani ningemwambia yeye kwanza.

Basi liliondoka Kampala alfajiri. Njia ya Fort Portal ni zaidi ya kilomita 350 mpaka Kasese, na sehemu kubwa ya njia hiyo sina la kusimulia isipokuwa usingizi, ndizi za kuchoma madirishani na abiria mmoja aliyebeba jogoo asiyejua kwamba asubuhi ilikwisha pita. Baada ya Fort Portal rafiki yangu alinibadilishia kiti ili nikae upande wa kulia. "Mlima uko huko," akasema. Nikatazama. Kulikuwa na mashamba ya chai, kisha vilima, kisha wingu kubwa la kijivu lililoanzia vilimani na kuishia mbinguni. "Uko wapi?" nikauliza. "Ndani," akanijibu.

Huo ndio Rwenzori, nami nilijifunza mapema kuupokea hivyo. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109 na ni cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini Kilimanjaro umesimama peke yake mahali pa wazi, watu wanaupiga picha wakiwa barabarani. Rwenzori ni safu ndefu iliyojikunja mpakani mwa Uganda na Kongo, na siku nyingi za mwaka imejifunika. Mtu anaweza kuishi chini yake miaka bila kuona theluji. Baba aliishi miaka kumi na miwili. Aliniambia kwamba watoto wa kambini waliamini theluji ni hadithi ya wazee wa Kikonzo ya kuwatisha watoto wasipande msituni.

Kasese ni mji wa joto. Sikutarajia hivyo, nilikuwa nimejaza sweta begini kwa ajili ya mji wa mlimani, nikashuka kwenye stendi nikatiririka jasho. Mji umekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mlima ukiwa umeuinamia upande wa magharibi. Jioni tulitembea mpaka kwenye reli. Reli ilifika hapa mwaka 1956, na ilifika kwa sababu ya shaba: madini yalishuka kutoka Kilembe, yakapanda treni mpaka Jinja kuyeyushwa, kisha yakaendelea mpaka Mombasa na kupanda meli. Siku hizi treni haiji. Nyasi zimemeza vyuma na mbuzi wanalala katikati. Nilisimama pale nikifikiri kwamba babu alishuka hapa akiwa kijana kuliko mimi, na pengine na sanduku dogo kuliko langu.

Sokoni ndipo nilipopata furaha yangu ya kwanza. Mpaka wa Mpondwe hauko mbali, na wafanyabiashara wa Kongo huja na kurudi, kwa hiyo Kiswahili kinazungumzwa bila kuombewa radhi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza sombe alinitajia bei kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo. Ni kweli kwamba hakikuwa Kiswahili cha vitabu vyetu. Ngeli zilikuwa zimepangwa upya kabisa, na "maji" yalikuwa "mayi". Nilijikuta nikitaka kumsahihisha, kisha nikaona aibu. Yeye alikuwa akila kwa lugha hiyo. Mimi nilikuwa nimepata alama 68.

Siku ya pili tulipanda Kilembe kwa bodaboda, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja. Ni safari fupi, kama kilomita kumi, lakini unabadilisha nchi. Joto linabaki nyuma, bonde linabana, vilima vinasimama wima pande zote mbili, na Mto Nyamwamba unakimbia kando ya barabara ukipiga kelele. Halafu, katikati ya uoto huo, unaanza kuona vitu ambavyo havina kazi: jengo refu la mabati lililopata kutu, nguzo, matangi, milima midogo ya mabaki ya mawe ambayo nyasi bado zinasita kuota juu yake. Uchimbaji ulianza kufifia miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukawa umekoma. Babu aliondoka na familia yake mwaka 1978.

Kinachoshangaza ni kwamba mji haukuondoka. Nyumba za wafanyakazi zinaendelea kukaliwa, safu baada ya safu. Watu wamepanda maharage na migomba katika kila nafasi, nguo zimeanikwa kwenye nyaya, watoto wanacheza mpira kwenye uwanja ambao bila shaka meneja fulani aliwahi kuukagua. Baba alinisimulia kwamba walikuwa na taa za umeme nyumbani, kwa kuwa kampuni ilikuwa na mtambo wake wa umeme kwenye Mto Mubuku. Alifanya kazi za shule chini ya taa ya umeme akiwa darasa la nne. Walipohamia Nebbi akaanza upya kwa kibatari. Mpaka leo husema kwamba yeye ndiye mtu pekee anayemfahamu aliyetoka kwenye maendeleo akaenda kwenye zamani kwa lori.

Juu kabisa ya makazi, mahali panapoitwa Kyanjuki, lami ya mji wa madini inakwisha na biashara ya mlima inaanza. Hapo tulikuta kundi la watalii kutoka Ulaya wakijiandaa kwa safari ya siku nane. Vifaa vyao vilikuwa vimetandazwa majanini: kamba, kofia ngumu, viatu vyenye meno ya chuma vya kukanyagia barafu. Kando yao wapagazi walikuwa wakipima mizigo kwenye mzani wa kuning'iniza, kila mmoja akisubiri zamu yake. Wapagazi walivaa mabuti ya mpira, yale tunayovaa sisi kwenye matope ya shamba, na rafiki yangu akanieleza kwamba sehemu kubwa ya njia ni kinamasi kinachofika magotini, kwa hiyo wageni nao huvuliwa viatu vyao vya bei ghali wakavaa ya mpira. Hilo lilinipa faraja kuhusu viatu nilivyokosa.

Sisi hatukuwa na fedha za siku nane. Tulikuwa na za siku moja. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, lakini kwa mwanafunzi hata kidogo kina uzito wake. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, mwembamba, asiyehema. Alitusalimu kwa Kikonzo, akabadili kwa Kiingereza, na aliposikia tukizungumza Kiswahili akakaa humo mpaka jioni.

Nimesoma insha nyingi za safari ambamo mwandishi anafika msituni na mara moja anapata amani. Mimi nilipata kichomi. Njia inapanda bila salamu. Kwanza mashamba ya Wakonzo yaliyoning'inia kwenye miteremko mikali kiasi kwamba niliuliza kama watu hufunga kamba kiunoni wakipalilia. Kahawa, mihogo, vitunguu. Kisha mpaka wa hifadhi, na papo hapo, kama mtu amechora mstari, miti mikubwa inaanza na mwanga unapungua. Mwongozaji alituonyesha mbega wakiruka juu na mikia yao meupe, na kinyonga wa pembe tatu aliyekaa tawini kama mzee aliyeudhika. Akatueleza kwamba juu ya msitu huu kuna mianzi, juu ya mianzi kuna miti iliyofunikwa kuvumwani, na juu zaidi kuna mimea ambayo huku kwetu ni magugu mafupi lakini kule imekuwa mirefu kuliko mtu. Kisha mawe. Kisha barafu.

"Barafu umeifikia?" nikamwuliza.

Alikuwa amefika mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Akaniambia kwamba alipoanza kazi ya upagazi, kijana mdogo, walikuwa wanakanyaga barafu mahali ambapo sasa wanakanyaga mwamba mtupu, na kwamba ngazi zimewekwa mahali ambapo hapo awali hapakuhitaji ngazi, kwa sababu barafu imeshuka na kuuacha ukuta wazi. Hakusema kwa huzuni ya kuigiza. Alisema kama fundi anayeeleza kwa nini bei imepanda. Mwaka 1906, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo, alipopanda Margherita kwa mara ya kwanza na kuipa jina la malkia wao, vilele hivi vilikuwa na mito mingi ya barafu. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zote zilizobaki Afrika huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Mimi nitakuwa bado sijastaafu.

Rafiki yangu, ambaye mlimani hazungumzi sana, alisema jambo lililonikaa. Jina Rwenzururu, ambalo Wakonzo wanauita mlima na ufalme wao, linatokana na neno lao la theluji, nzururu. Akauliza, si mimi wala mwongozaji, kwamba theluji ikiisha jina litakuwa la nini. Tukaendelea kutembea. Mvua ikaanza, kwenye mwezi ambao kila mtu alituhakikishia kwamba ni wa kiangazi.

Ile nyumba niliiacha mpaka siku ya tatu. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kwanza kuwa mtalii, na kuwa binti baadaye.

Niliteremka peke yangu kufuata mto, nikitafuta bomba. Nilikuwa na mchoro wa baba kichwani: mto upande huu, bomba upande huu. Nilipita safu mbili za nyumba, nikafika mahali ambapo nilitarajia safu ya tatu, nikakuta uwanja wa mawe. Si changarawe. Mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, mengine kama matreka, meupe, yamekauka, yametapakaa kutoka mtoni mpaka kwenye mguu wa kilima. Katikati yake ulikuwepo ukuta mmoja wa matofali, wa urefu wa kifua, hauna nyumba mbele wala nyuma.

Kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mawe alikuwa ameketi bibi akichambua maharage. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Hakuitikia marahaba, huko si kawaida yao. Alinitazama akaniuliza, "Wewe mtoto ya nani?"

Nikamweleza kwamba mimi ni mtoto wa mtu aliyezaliwa hapa, na mjukuu wa mtu wa baruti, Mualur. Nikamtajia jina la babu. Akafikiri. "Alur walikuwa wengi," akasema. "Wote walikuwa wakali." Hakumkumbuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya kukutana na mtu aliyemfahamu babu yangu, na badala yake nikapewa ungo wa maharage nimsaidie.

Yeye alikuja kutoka upande wa Kongo akiwa mke mdogo wa mchimbaji. Mume alikwisha kufa, watoto wametawanyika, yeye amebaki. Nikamwuliza juu ya safu ya karibu na mto, ya bombani. Akaonyesha mawe kwa kidevu. "Ilienda na mayi."

Tarehe 1 Mei 2013, akasema, mvua ilinyesha juu mlimani, siyo hapa. Hapa kulikuwa na jua. Walisikia mlio kwanza. Walidhani ni mitambo imefufuka. Nyamwamba ulishuka na magogo na mawe, ukapita katikati ya nyumba, ukafika mpaka hospitali ya Kilembe. Watu wakajenga upya, wengine wakakopa. Mwezi wa Mei mwaka 2020, wakati nchi imefungwa kwa sababu ya korona, mto ukarudi ukachukua kilichobaki, na safari hiyo hospitali ikaharibiwa vibaya mno. Wataalamu wameeleza sababu nyingi: moto ulioteketeza uoto wa juu kabla ya mafuriko ya kwanza, mabaki ya madini yaliyoubana mto, mvua zenyewe kubadilika. Bibi alikuwa na maelezo yake mafupi zaidi. Mlima, alisema, ulipasuliwa miaka mingi na watu wa baruti, na sasa unarudisha mawe.

Sikumkumbusha babu yangu alifanya kazi gani. Alikuwa amekwisha kusikia.

Nilipanda juu ya jiwe moja nikapiga picha. Nikaitazama kwenye simu. Ilikuwa picha ya mawe. Nikamfikiria baba ameketi kwenye kiti chake Nebbi, akiishika simu karibu na jicho, akitumia sehemu ya mwanga aliobaki nao kutazama mawe. Ndipo wazo likanijia, na sikulifukuza. Nyumba zote zilikuwa sawasawa. Yeye mwenyewe alisema. Safu ya juu yake ilikuwa imesimama, mabati yaleyale, dirisha lilelile dogo, na hata bomba ilikuwa nalo. Nikapanda, nikahesabu kutoka bombani: moja, mbili, tatu. Nikaomba ruhusa kwa mama aliyekuwa mlangoni, nikapiga picha nzuri sana. Jua lilikuwa likiangaza ukutani na kuku wawili walikuwa wakipita mbele. Bibi alikuwa akinitazama toka kule chini. Niliporudi kumuaga hakusema kitu kuhusu picha. Aliniwekea konzi mbili za maharage kwenye mfuko wa plastiki, nikamshukuru kwa neno pekee la Kikonzo nililokuwa nalo, "Wasingya," akacheka matamshi yangu mpaka akashika ubavu.

Njia nzima ya kurudi Kampala, na wiki iliyofuata njia ya kwenda Nebbi, nilijitetea. Baba hatarudi Kilembe kamwe. Ukweli utamsaidia nini? Je, si ni yeye aliyenifundisha kwamba mgonjwa haambiwi kila kitu kwa siku moja? Nilikuwa na hoja za kutosha kushinda mdahalo wowote wa chuo. Hata rafiki yangu, nilipomweleza, alisema mimi ndiye ninayemjua baba yangu, jibu ambalo watu hutoa wasipokubaliana nawe.

Nilimpa simu baada ya chakula cha jioni. Mama aliwasha taa ya sola na kuiegemeza kwenye jagi. Baba aliileta simu mpaka kwenye jicho la kulia, akaisogeza polepole kushoto, akairudisha kulia, kwa sababu picha nzima haimwingii mara moja. Alimaliza mlango. Akamaliza dirisha. "Nyumba ndiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa nyororo kiasi kwamba moyo wangu ulitulia. Kisha akaisogeza simu juu, juu ya paa, akasimama hapo. Akarudi. Akaenda tena.

"Tumbo la Meneja liko wapi?"

Nilikuwa nimelisahau. Nilisahau kabisa. Nilipiga picha ile nikiwa nimegeukia upande wa pili wa bonde, na nyuma ya nyumba ile nzuri kulikuwa na mteremko wa migomba na anga.

Mama aliacha kukusanya sahani. Nikachukua simu, nikatafuta ile picha nyingine, nikamrudishia bila kusema neno. Alianza chini, kama alivyofanya mwanzo. Alipita kwenye mawe taratibu, jiwe moja baada ya jingine, na nilimwona akifika kwenye ule ukuta wa matofali na kukaa hapo muda mrefu. Nikaanza kueleza: mwaka 2013, kisha 2020, mvua, mto. Alinyoosha kiganja nikanyamaza. Akapandisha simu.

"Hili hapa," akasema.

Nikainama kutazama begani kwake. Nyuma ya mawe, kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nimesimama pale mwenyewe, kilima cha mviringo kilikuwa kimechomoza mbele kuliko wenzake, na chini yake kulikuwa na mkunjo kama mkanda uliofungwa chini ya kitambi. Baba akamwita mama aje aone. Akamwonyesha mahali ambapo walikuwa wakiteleza kwa maganda ya migomba, na mahali ambapo babu alimkuta akicheza na nyaya za baruti akamchapa kwa Kiswahili, maana hilo alilisisitiza, kwamba kichapo kilikuwa cha Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho.

Hakuniuliza juu ya picha ya kwanza, na mimi sikuifuta mbele yake, niliifuta usiku. Kabla hajanirudishia simu aliniuliza kama theluji niliiona. Nikamwambia hapana, siku zote tatu kulikuwa na mawingu.

"Umeona sasa?" akamwambia mama. "Nilikuambia wale wazee walikuwa wanatudanganya."